Mtoto Kapigwa na Wenzake Shuleni: Nani Anawajibika, na Uanzie Wapi

Ilikuwa Alhamisi, saa saba mchana, nachambua mchicha, mdogo wangu akanipigia simu analia. Mwanawe wa kidato cha pili kavunjwa mkono shuleni kwa mguu wa dawati. Aliyempiga ni kijana wa kidato cha tatu, na wenzake wawili walimshika. Nikamwacha aseme yote mpaka pumzi ikamrudi, kisha akauliza: "Dada, sasa hii nani atalipa?"

Nimefundisha sekondari miaka 31 mkoani Tanga, 11 kati ya hiyo nikiwa mwalimu wa nidhamu. Tangu nistaafu ni msaidizi wa kisheria katika kata yetu. Swali la mdogo wangu naletewa kila muhula, na kila mara nalijibu kwa swali: kabla ya siku hiyo, nani alikuwa anajua? Wazazi hukereka. Wanataka jina la mtu na kiasi cha pesa. Lakini nimeona madai mengi yakifa, na mengi yalifia hapo hapo: hakuna aliyeweza kuonyesha kwamba shule ilikuwa na habari.

Ninayoandika hapa ni ya Tanzania Bara. Zanzibar wana Sheria yao ya Mtoto, Na. 6 ya 2011, na taratibu zao.

Matibabu, na karatasi za matibabu

Mtoto akiwa na hali mbaya, hospitali kwanza. Polisi atakwenda ndugu mwingine. Aliyepigwa kichwani apelekwe hata kama anacheka, na akianza kutapika au kusinzia ovyo msingoje kupambazuke. Hali ikiruhusu, pitieni kituoni, toeni taarifa, mpewe RB, yaani namba ya taarifa yenu, na PF3, fomu ya polisi ya kujazwa na daktari. Vituo vingi vina Dawati la Jinsia na Watoto. Omba uhudumiwe hapo. Wamezoea kuongea na watoto.

Sehemu ya daktari kwenye PF3 inaeleza jeraha ni lipi, limetokana na kitu cha namna gani na lina uzito gani. Isome kabla hujatoka mlangoni. Kijana wetu alipelekwa zahanati na mwalimu wa zamu kwa bodaboda, na mwalimu akamwambia mganga kwamba mtoto "ameanguka michezoni". Mganga akaandika hivyo kwenye cheti. Yule mwalimu hakuwa mtu mbaya, aliogopa tu, na uoga huo naujua kwa sababu nimewahi kuwa nao. Jioni tulipofika hospitali ya Bombo tukiwa na PF3 mkononi, nikamwomba daktari amuulize mgonjwa mwenyewe. Ikaandikwa upya: amepigwa kwa kitu kigumu butu, mifupa yote miwili ya kigasha imevunjika. Tungelala na cheti cha zahanati peke yake, leo tungekuwa tunabishana kuhusu mpira wa miguu.

PF3 inarudi polisi, kwa hiyo toa nakala mbili kabla hujairudisha. Piga picha majeraha siku hiyo na tena siku ya tatu, maana michubuko hukolea rangi baadaye. Risiti zote ziingie kwenye bahasha moja: kadi ya hospitali, eksirei, plasta, dawa. Bajaji hawatoi risiti. Andika nauli kwenye daftari siku ile ile, na umwombe dereva asaini. Watakucheka. Mwache acheke mradi asaini.

Mwache mtoto asimulie

Usimwanze kwa "mlikuwa mnagombania nini?" Mtoto akisikia hivyo anajua tayari ana kesi ya kujibu. Mimi ni mama yake mkubwa, nilisubiri mpaka siku ya pili, amelala, amekunywa uji, nikamwambia anisimulie wiki nzima kuanzia Jumatatu. Ndipo yakatoka. Wale vijana walikuwa wakimtoza shilingi 200 za mihogo tangu Februari, nyuma ya vyoo, wakati wa mapumziko. Alimwambia mwalimu wa darasa mara mbili. Mara ya pili mwalimu aliwaita, akawachapa, akawarudisha darasani, na habari ikaishia hapo. Alhamisi ile walikuwa wanalipiza.

Niliandika yote kwa maneno yake, na tarehe alizozikumbuka. Niliandika pia majina ya walioona, kisha nikawafuata nyumbani mmoja mmoja na kuongea nao mbele ya wazazi wao. Usimsimamishe mtoto wa watu njiani ukamhoji. Kesho utaambiwa ulimfundisha la kusema. Na asikutishe mtu kwamba ushahidi wa watoto haufai. Mtoto asiyezidi miaka 14 anaweza kutoa ushahidi mahakamani bila kiapo, mradi aahidi kusema kweli na kutosema uongo.

Barua na muhuri

Wazazi wengi huenda shuleni kwa hasira, wanasema sana, wanatulizwa kwa soda, wanarudi nyumbani mikono mitupu. Miezi sita baadaye mkuu wa shule amehamishwa, na mpya hana habari. Nenda na barua. Isizidi ukurasa mmoja. Yetu ilisema hivi, nikiondoa majina:

"Mimi ni mzazi wa mwanafunzi wa kidato cha pili B. Alhamisi, muda wa mapumziko ya asubuhi, mwanangu alipigwa na wanafunzi watatu nyuma ya vyoo vya wavulana akavunjika mkono wa kulia. Alikwisha kutoa taarifa ya kunyang'anywa pesa na wanafunzi hao kwa mwalimu wa darasa mara mbili kabla ya siku hiyo. Naomba kujua kwa maandishi: hatua gani zilichukuliwa baada ya taarifa hizo, na nani alikuwa zamu eneo hilo. Naomba pia kitabu cha zamu cha muhula huu, kitabu cha adhabu na kumbukumbu za vikao vya nidhamu vitunzwe."

Nakala tulimpelekea Afisa Elimu Kata na Afisa Elimu Sekondari wa halmashauri. Kila ofisi, ile nakala unayobaki nayo igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Mhudumu akisema muhuri uko kwa bosi na bosi yuko semina, kaa kwenye benchi. Mimi nilikaa saa tatu, nikamaliza kufuma pindo la kitambaa cha meza.

Kwa nini nilitaja kitabu cha zamu? Kwa sababu najua kilivyo. Kila jioni mwalimu wa zamu anaandika yaliyotokea, na mkuu wa shule anasaini. Mwaka mmoja, zamu ikiwa yangu, niliandika kwamba kidato cha tatu wanawanyang'anya wadogo pesa nyuma ya vyoo, na kwamba apangwe mwalimu wa kuzungukia huko. Mkuu akasaini kwa wino mwekundu: "Imeonekana." Hakupangwa mtu. Na mimi sikufuatilia, nilikuwa na madaftari 87 ya kusahihisha. Muhula ule hakuumia mtu, ni bahati. Angeumia, mwandiko wangu na sahihi ile nyekundu vingetosha kuionyesha mahakama kwamba tulijua, tukaandika, tukaenda kunywa chai.

Haya, nani anawajibika?

Tuanze na aliyepiga. Kwenye jinai umri ndio kila kitu. Chini ya miaka 10 hashtakiwi kabisa. Kati ya 10 na 12 hawajibiki mpaka ithibitishwe kwamba alijua anachofanya ni kosa. Kuanzia hapo hadi kabla ya 18, shauri lake ni la Mahakama ya Watoto chini ya Sheria ya Mtoto ya 2009: linasikilizwa faragha, afisa ustawi wa jamii anakuwepo, na hata akitiwa hatiani hafungwi jela. Anaweza kuachiwa kwa masharti, kukabidhiwa kwa mtu wa kumlea, au kupelekwa shule ya maadilisho, kama ile ya Irambo kule Mbeya. Akishatimiza 18, awe kidato cha nne au cha sita, sare yake haimsaidii; anakwenda mahakama ya kawaida kama mtu mzima yeyote. Shambulio la kudhuru mwili linaweza kumfunga miaka 5, na kusababisha madhara makubwa miaka 7. Mahakama ya jinai inaweza pia kuamuru mjeruhiwa alipwe fidia, na kwa shambulio dogo inaweza kuzihimiza pande mbili zipatane.

Upande wa madai, yeye mwenyewe anawajibika kwa alichokifanya, hata akiwa mtoto. Tatizo utachukua nini kwake? Viatu?

Hapo kila mtu humgeukia baba yake. Na hapa ndipo nawavunja watu moyo. Sheria ya madhara, yaani ya kumdai fidia aliyekuumiza, tuliyorithi kwa Waingereza, haimwajibishi mzazi kwa sababu tu yeye ni mzazi. Lazima uonyeshe kosa lake mwenyewe: alijua mwanawe anabeba kisu akanyamaza, au alimtuma. Kwenye semina moja ya wasaidizi wa kisheria, mwenzetu wa Kigoma aliyewahi kuishi Bukavu alishangaa kusikia hivyo. Kwao Kongo, sheria ya 1888 kifungu cha 260 inasema wazazi wanawajibika kwa madhara ya mtoto mdogo anayeishi nao, na walimu kwa ya wanafunzi walio chini ya uangalizi wao, na ni wao wanaotakiwa kuthibitisha kwamba hawakuweza kuzuia. Kwetu mzigo wa kuthibitisha ni wako wewe uliyeumizwa. Ndiyo maana nang'ang'ania karatasi.

Sasa shule. Kipimo kinachotumika kina asili yake katika kesi ya Uingereza ya 1893, ambapo mtoto aliungua kwa fosforasi iliyoachwa ovyo shuleni: mwalimu awatunze wanafunzi kama baba mwangalifu angewatunza wanawe. Nilipolisoma hilo mara ya kwanza nilicheka peke yangu, nikajiuliza ni baba gani mwenye watoto 87 wa kidato kimoja. Lakini mahakama haidai miujiza. Inauliza kama madhara yale yalitarajiwa na mtu makini, kama kulikuwa na hatua ya kawaida ya kuyazuia, na kama kutoichukua ndiko kulikoleta jeraha.

Weka matukio mawili pamoja. Marafiki wawili wanagombea kalamu mbele ya mwalimu, mmoja ghafla anamrushia mwenzake ngumi, jino linatoka. Shule hapo pengine inapona. Hakuna aliyeweza kujua, na mwalimu alikuwepo. Tukio la kijana wetu ni lingine: taarifa mbili kwa mwalimu wa darasa, wanyang'anyi wanaojulikana kwa majina, mahali pale pale, saa ile ile, miezi kadhaa, na hakuna aliyepangwa kuzungukia. Hapo neno uzembe linaanza kuwa na miguu. Na uzembe wa mwalimu akiwa kazini humfuata mwajiri, kwa hiyo humhitaji mwalimu auze shamba lake.

Viranja nawaweka peke yao, maana wananikera. Kanuni za adhabu ya viboko za 2002 zinamruhusu mkuu wa shule, au mwalimu aliyempa idhini ya maandishi, visizidi vinne, na viandikwe kwenye kitabu. Kiranja hayumo. Mwalimu akimkabidhi kiranja fimbo asimamie waliochelewa, naye akamtoa mtu jicho, shule haiwezi kusema ni ugomvi wa watoto. Mamlaka yale imeyatoa yenyewe. Bweni nalo hivyo hivyo: usiku mzima mtoto yuko mikononi mwa shule, hana pa kukimbilia, na anayeulizwa kwanza ni patroni au matroni alikuwa wapi. Nje ya geti, njiani kurudi nyumbani, kamba inalegea sana. Usitegemee mengi huko, ila kama shule iliambiwa kwamba wanamvizia.

Unamdai nani, na wapi

Shule yenyewe kwa kawaida haina mwili wa kisheria wa kushtakiwa. Ya binafsi unamshtaki mmiliki: kampuni, au bodi ya wadhamini kama ni ya taasisi ya dini. Tafuta jina lililosajiliwa, usiandike lililopakwa ukutani. Mashauri yamewahi kutupwa kwa jina tu.

Ya serikali ina njia ndefu, na wengi huanguka hapa. Kwanza unatoa notisi ya siku 90 kwa halmashauri, ukieleza msingi wa madai, nakala kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali na kwa Wakili Mkuu wa Serikali. Siku 90 zikipita ndipo unafungua, na tangu marekebisho ya 2020 Mwanasheria Mkuu lazima aunganishwe kama mdaiwa hata kama unaidai halmashauri. Usipomuunganisha, shauri lina kasoro ya kuliua. Na linafunguliwa Mahakama Kuu, siyo ya mwanzo pale sokoni. Mtoto hafungui mwenyewe. Mzazi au ndugu mzima anafungua kwa niaba yake, na mkishafungua hamwezi kupatana nje bila ruhusa ya mahakama.

Sisi wasaidizi wa kisheria tunakuandalia karatasi na kukuelekeza, hatusimami mahakamani kwa niaba yako. Wa kusimama ni wakili. Huna uwezo? Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 imetungwa kwa ajili yako. Ulizia ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri watoa msaada waliosajiliwa. Kwa mambo ya mtoto kuna pia simu ya bure, 116.

Kuhusu kiasi: matumizi yako, yaani matibabu, nauli, siku ulizofunga genge, yanaitwa hasara mahsusi. Yatajwe moja moja na kuthibitishwa moja moja. Usiposhika risiti, mahakama haikisii. Maumivu, kilema na aibu ni fidia ya jumla, na hiyo hakimu au jaji anapima mwenyewe. Watu huandika milioni 500 wakidhani ukitaja nyingi utapunguziwa ubaki na nyingi. Hatuko mnadani.

Karatasi ya "yaishe"

Jumatatu iliyofuata, kabla plasta haijakauka vizuri, mdogo wangu aliitwa ofisi ya kijiji. Baba wa kijana, mwenyekiti, na mwakilishi wa shule. Shilingi 60,000 mezani na karatasi iliyokwisha andikwa: "Sina madai tena dhidi ya shule wala mtu yeyote." Alikuwa ameshika kalamu. Nilimwambia kwa simu airudishe mezani.

Sipingi suluhu. Hawa watu mnazikana, mnakopeshana jembe. Lakini usisaini kabla daktari hajasema amemaliza. Mkono unaweza kuunga vibaya ukavunjwa upya. Ukipokea pesa, andika kwamba ni ya matibabu ya kuanzia tarehe fulani hadi fulani, basi. Na kupatana na familia ya kijana hakufuti uzembe wa shule, labda wewe mwenyewe uandike kwamba umeufuta. Tuliandika karatasi nyingine, baba akasaini, akalipa ile 60,000, na baadaye akaongeza ya vyuma vya kuunga mkono.

Aliyepiga akiwa wako

Mfupi hapa. Usimfiche kwa bibi Handeni. Nenda naye polisi, usimwache ahojiwe peke yake, omba afisa ustawi wa jamii awepo, na beba cheti cha kuzaliwa, maana bila hicho kijana mrefu wa miaka 15 anahesabiwa mtu mzima. Kamtazame majeruhi, ulipe unachoweza, uchukue karatasi. Shule ikitaka kumfukuza, ana haki ya kusikilizwa kwanza.

Kijana wetu yupo kidato cha nne sasa. Mkono wa kulia haunyooki wote, anaandika akiwa ameinamisha daftari. Notisi tulipeleka, halmashauri ikajibu kwa barua ya mistari minne kwamba walimu walitimiza wajibu wao. Mdogo wangu alichoka, akasema basi, mtoto asome. Sikumlaumu. Muda wa kudai madhara ni miaka 3, lakini kwa aliyeumizwa akiwa chini ya 18, unaanza kuhesabiwa anapotimiza 18. Ni hatari kusubiri: mashahidi huhama, vitabu vya zamu huliwa na mchwa. Lakini barua yetu yenye muhuri ipo, PF3 ipo, daftari la nauli lenye sahihi ya dereva wa bajaji lipo, vyote kwenye faili la bluu kabatini kwangu. Anatimiza 18 mwezi wa tano. Juzi alikuja, akaniuliza kama faili lile anaweza kulisoma mwenyewe. Nikampa ufunguo wa kabati.